Jogoo Namba Kumi na Saba

Mimi ni fundi wa maabara, na nianze kwa kujisifu kidogo, maana huko mbele nitaaibika. Kwa miaka ishirini na mmoja sijawahi kuchanganya vichupa. Maprofesa watatu wamekuja na kuondoka, friza nne zimekufa, paa limevuja hadi tumezoea, lakini kwangu kichupa namba tano ni namba tano tangu kinapotoka kwenye boksi mpaka kinapotupwa. Siri yangu ni kwamba naongea navyo. Kabla sijafunga kifuniko nasoma namba kwa sauti, halafu nasema, "Nimekuona." Tano, nimekuona. Sita, nimekuona. Wanafunzi wapya hunicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili, wakishapoteza sampuli mbili tatu, nawasikia na wao wananong'ona.

Kazi iliyoniletea balaa ilikuwa ya binti mmoja ambaye mimi humwita Mtarajiwa, kwa sababu amekuwa daktari mtarajiwa, wa uzamivu si wa hospitali, kwa miaka minne. Ni mchapakazi, ana akili kali na ulimi mkali zaidi, na akiwa na mawazo hutafuna penseli. Ukitaka kujua utafiti unaendaje, huna haja ya kumwuliza, tazama penseli.

Mtarajiwa anachunguza jinsi kromosomu za jinsia zilivyobadilika toka enzi na enzi mpaka zikawa kama tunavyoziona leo, na anatumia vipande vya jeni vinavyorukaruka. Vina jina refu la kitaalamu. Mimi naviita vidandia. Ni vipande vidogo vya DNA vyenye tabia ya kujinakili na kudandia mahali pengine kwenye kromosomu, bila nauli wala kukaribishwa. Na aina anayoitumia yeye ikishadandia haishuki. Inabaki palepale, inarithiwa na watoto, wajukuu na vitukuu kwa mamilioni ya miaka.

Kwa ndege, mambo ni kinyume na kwetu. Kwa binadamu, mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizolingana. Kwa kuku ni jike. Jogoo ana mbili zinazofanana, Zedi na Zedi, na tetea ana Zedi moja na nyingine ndogo iitwayo Dabliu. Hapo kale Zedi na Dabliu zilikuwa sawasawa, zikibadilishana vipande bila shida. Kisha zikaacha kubadilishana, sehemu moja baada ya nyingine, na Dabliu ikaanza kukonda. Swali la Mtarajiwa lilikuwa dogo kulitamka: ziliacha lini, na zilianzia wapi?

"Fundi, chukua wanafunzi wawili wanaokaa dawati moja," aliniambia siku ya kwanza. "Wananakiliana. Mwalimu akikuta kosa lilelile kwenye madaftari yote mawili, anajua siku ile bado walikuwa wanaelewana. Akikuta kosa kwenye daftari moja tu?"

"Walishanuniana."

"Basi umeshajua utafiti wangu wote."

Kidandia ndilo hilo kosa. Kikiwa kwenye Zedi na kwenye Dabliu, mahali palepale, kilidandia kabla ya kununiana. Kikiwa kwenye Dabliu peke yake, kilidandia baadaye. Ukivipanga vidandia vyako vizuri, unasoma ugomvi wenyewe ulivyosambaa. Mbuni, kwa mfano, mpaka leo Zedi na Dabliu zao zinaazimana karibu kila kitu. Kuku walinuniana zamani mno. Niliipenda hiyo kazi, sifichi. Nimewahi kuosha vyombo miaka mitatu kwa ajili ya utafiti wa kutu.

Tegemeo lake kubwa lilikuwa kidandia namba tisa, ambacho kwa kuku alikikuta kwenye Dabliu tu. Ili watahini wasimsumbue, alitaka kuku arobaini wa kila rangi: matetea wote wawe nacho, majogoo wote wasiwe nacho. Kipimo chenyewe mtoto anaweza kukisoma. Unaiweka DNA kwenye jeli, unawasha umeme, unatazama mistari. Tetea huonyesha mistari miwili, mmoja wa Zedi na mmoja wa Dabliu; jogoo mmoja tu. Kwisha.

Kuku niliwatafuta mimi. Tisa kati yao walikuwa wa mama mkwe wangu, mkunga mstaafu anayeishi upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye kibaraza kidogo na ua mkubwa. Siku nilipokwenda kwake niliwashika mmoja mmoja, nikang'oa manyoya mawili matatu machanga, nikayatia kwenye mfuko wake, nikaandika. Nane walikuwa matetea. Wa tisa alikuwa jogoo mwekundu anayetembea kifua mbele, na wenzake hawali mpaka aanze yeye. Mama mkwe anamwita Mwenyekiti. Alikuwa akiwika wakati namfuata, aliwika nilipomshika, na nilipomwachia akapanda juu ya ndoo akawika tena. Nikaandika namba kumi na saba, jogoo. Nikasema, "Nimekuona." Nakumbuka hata nilimtania mama mkwe kwamba na jogoo kama huyu ni ajabu ua wake hauna vifaranga.

"Mimi nataka mayai ya kula," alisema. "Vifaranga nimepokea vya kutosha kazini."

Jumatatu, siku nne kabla Mtarajiwa hajasimama mbele ya watahini, jeli ya mwisho ilitoka. Nilikuwa nasuuza chupa niliposikia ameniita kwa sauti ambayo sikuipenda.

"Fundi, njoo uone maajabu yako."

"Yangu au yako?"

"Kumi na saba ni jogoo?"

"Jogoo. Nimemshika kwa mikono yangu."

"Basi mbona ana mistari miwili?"

Nikatazama. Kumi na sita, mistari miwili, tetea, sawa. Kumi na nane, mstari mmoja, jogoo, sawa. Na pale katikati, kumi na saba, mistari miwili imenyooka haina hata haya. Kuku thelathini na tisa walikuwa wametii. Huyu mmoja alikuwa anataka kutuua.

"Umechanganya," alisema Mtarajiwa.

Alisema mbele ya wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza, walewale ambao nilikuwa nimewafundisha kusema "nimekuona." Masikio yangu yalichemka. Nikamwambia kwamba mimi nilishika pipeti yeye akiwa bado anatambaa. Akanijibu kwamba huenda ndiyo maana mkono umechoka. Nikamwambia adabu haiuzwi dukani. Akasema, "Ijumaa nitasimama mimi, Fundi, si wewe. Miaka minne. Wakiuliza huyu ni nini, niwaambie nini?"

Penseli aliyokuwa nayo ilibaki kijiti.

Jumanne nilirudia. Nilichukua unyoya uliobaki kwenye mfuko wa kumi na saba, nikaanza upya, vichupa vipya, jeli mpya, nikisoma namba kwa sauti kama imamu na padri kwa pamoja. Mistari miwili. Nikajaribu kipimo kingine cha jinsia, cha zamani, kisichohusiana na kidandia hata kidogo. Nacho kikasema jike. Sasa hapo kidandia kilipona, maana vipimo viwili vilikuwa vimekubaliana. Aliyekwama ni mimi. Kama DNA kwenye mfuko ni ya jike, na mfuko umeandikwa jogoo, basi manyoya ya tetea yaliingia kwenye mfuko wa jogoo, na aliyeyaingiza alikuwa na mikono miwili na koti jeupe.

Profesa wetu ni mtu mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti, na ndiyo maana namwogopa. Aliniita ofisini, akaondoa vitabu kwenye kiti ili nikae.

"Fundi, hakuna aliyekamilika," alisema. "Jaza fomu ya kosa. Tumtoe kumi na saba kwenye jedwali, binti wa watu apite Ijumaa."

"Na mimi?"

Akapanga kalamu zake. "Utaratibu unaujua. Ukisaini kwamba umechanganya sampuli, sampuli zitashikwa na mtu mwingine. Wewe utatusaidia stoo."

Stoo yetu iko chini ya ngazi. Kuna maboksi ya glovu, viti vilivyovunjika na taa moja inayopepesa. Dirisha hakuna. Nilijiona nimekaa kule nikigawa glovu kwa watoto wanaochanganya vichupa huku juu, na kusema kweli nilitaka kulia, mtu mzima na ndevu zangu. Nikaomba anipe mpaka Alhamisi asubuhi. Nitarudi kwa kuku huyo, nichukue unyoya mwingine mbele ya shahidi, nimpige na picha. Profesa akatazama kalenda, akasema haya.

Mke wangu alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo unakwenda kumwuliza mama yangu kama jogoo wake ni jogoo?"

"Simwulizi. Naomba unyoya."

"Ngoja nivae viatu. Hili silikosi."

Jumatano saa tisa alasiri tulikuwa sebuleni kwa mama mkwe. Sebule yake ni safi kama wodi: cherehani imefunikwa kitambaa, viti vimepangwa ukutani kama vinasubiri wagonjwa, na juu ya kabati kuna mizani ya kupimia watoto wachanga ambayo siku hizi anaitumia kwa viazi. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikauliza afya, nikauliza magoti, nikauliza magoti tena. Mkwe ni mkwe. Huwezi kuingia tu na kuanza kuzungumzia jinsia ya kuku wake.

"Mama, nilikuwa naomba unyoya mmoja. Wa Mwenyekiti."

"Si ulichukua mwezi uliopita?"

"Nilichukua."

"Umepotea?"

"Haujapotea, mama."

"Basi Mwenyekiti haguswi tena," alisema, na akanimiminia chai kuonyesha kwamba hoja imefungwa.

Mke wangu akatia neno, akakatwa. Nikajaribu kusifia banda, haikusaidia. Mwishowe nikaona heri ukweli. Nikamweleza yote: mistari miwili, fomu, Ijumaa ya Mtarajiwa, stoo. Alisikiliza macho yakiwa kwangu, kikombe mkononi, bila kunywa.

"Na umechanganya?" aliuliza.

"Sijachanganya, mama."

"Una hakika?"

"Nilimwona. Nilisema nimekuona."

Akamtuma mke wangu jikoni akaangalie kama maji yamechemka, wakati chai tulikuwa tumeshamiminiwa. Mke wangu akaenda. Mama mkwe akangoja kidogo, akasema bila kugeuka, "Toka nyuma ya mlango, nimekuzaa mimi." Mke wangu akatoka, akaketi.

"Mwenyekiti alitaga miaka minne," alisema mama mkwe.

Nje, Mwenyekiti alikuwa anaparura mchanga.

"Alikuwa tetea wa baba yenu. Mayai makubwa, mengine yana viini viwili. Baba yenu alipofariki, naye akaacha kutaga. Nikasema ni uzee. Kilemba kikaanza kukua, akapukutisha manyoya, yaliyoota yakawa marefu, yanang'aa. Mimi sikuyaangalia sana. Mimi wakati ule sikuangalia kitu." Alikitua kikombe. "Wewe mwanangu ulikuwa unapiga simu, nakuambia nimeshaamka, nimeshakula. Nilikuwa kitandani. Siku kumi na moja. Nilikuwa nimezoea kuamshwa na baba yenu, na sikuona kwa nini nijiamshe mwenyewe. Halafu asubuhi moja nikasikia jogoo anawika uani kwangu. Na mimi sina jogoo. Nikaamka kwenda kumtazama ni nani huyo."

Mke wangu alikuwa ameshika mdomo.

"Kule tulikokuwa tunakaa, jirani alinijia kwa nia njema na kisu mkononi. Akasema kuku jike akiwika ni mkosi, achinjwe kabla hajaleta msiba. Nikamwambia msiba umeshakuja, tena yeye akiwa bado anataga. Lakini maneno hayakuisha. Kila mbuzi akikohoa ni kuku wangu. Nikahama naye. Hapa wamemkuta jogoo, na mimi sijamsahihisha mtu."

Nilifungua daftari langu la sampuli, maana mikono ilihitaji kazi. Nikasoma nilichoandika mwezi uliopita: kumi na saba, jogoo, mwekundu, kidole cha kati cha mguu wa kushoto kimepinda. Nikaandika mpaka kidole kilichopinda. Nikaandika rangi, nikaandika saa. Na pale penye jinsia niliandika jogoo kwa sababu alikuwa juu ya ndoo anapiga kelele. Sikumwuliza mwenye kuku swali hata moja.

Sasa dawa ya ugonjwa wangu nilikuwa nayo, na sikuweza kuitumia. Nikienda kwa Profesa na habari ya Mwenyekiti, Profesa atasema, watahini watasema, mji si mkubwa, na siku moja mtu mwingine mwenye nia njema atabisha hodi na kisu. Nilimtazama mama mkwe, mama aliyesema uongo kwa simu kwa siku kumi na moja ili sisi tusihangaike. Nikafunga daftari.

"Basi, mama. Halitatoka hapa. Nitasaini, yaishe."

Nilisema kwa sauti ya kiume kabisa, lakini moyoni nilikuwa naiona ile taa inayopepesa.

"Stoo kuna dirisha?" aliuliza.

"Hakuna."

"Hapana," alisema. "Hapana. Huwezi kukaa gizani kwa sababu ya kuku wangu. Mimi nimejaribu, haifai."

Akainuka kwa shida ya magoti, akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya vyeti. Ndani yake, katikati ya vyeti vya ukunga, kulikuwa na picha. Baba mkwe amesimama mlangoni pa banda, anacheka, ameshikilia tetea mwekundu kwapani na yai kwenye mkono mwingine, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mguu wa kushoto wa kuku unaning'inia mbele. Kidole cha kati kimepinda.

"Mlango wa banda ulimbana akiwa mdogo," alisema mama mkwe. "Picha naitaka kabla ya Jumapili. Na jina lake lisiandikwe popote."

"Kwetu haandikwi jina, mama. Anaandikwa namba."

Tukatoka uani. Mwenyekiti alimruhusu mama mkwe amshike, mimi nikapata unyoya wangu, mke wangu akapiga picha ya mguu kwa simu huku anapangusa macho kwa kiwiko.

Alhamisi asubuhi nilipanga vitu vyangu mezani kwa Profesa: picha ya zamani, picha ya simu, jeli ya unyoya mpya yenye mistari miwili ileile, daftari limefunguliwa. Mtarajiwa alikuwepo, amesimama, mikono kifuani. Nikaeleza kuhusu kuku, bila kusema ni wa nani. Sikugusia zile siku kumi na moja. Hizo si data.

Profesa alivua miwani, akaivaa, akaivua.

"Nimewasoma vitabuni," alisema. "Sijawahi kumwona hata mmoja. Kuku jike ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Ikiharibika, kwa uzee au ugonjwa, mwili unabadilika. Kilemba, manyoya, sauti. Anakuwa jogoo kwa kila unachokiona."

"Lakini Dabliu haijaenda popote," alisema Mtarajiwa polepole.

"Itaenda wapi?"

Mtarajiwa alikuwa ameshaishika picha. Aliitazama kwa muda, nikaona mabega yanashuka. "Kwa hiyo kidandia kilikuwa kinasema kweli."

"Na kichupa," nikasema.

"Na kichupa." Akanigeukia. "Fundi, nisamehe. Nilikuvunjia heshima mbele za watu."

"Basi uniombe radhi mbele za watu."

Mnaweza kuniona mgumu, lakini miaka ishirini na mmoja si mchezo. Akatoka, akawaita wale wanafunzi wawili kutoka korido, akawasimamisha mlangoni, na akasema maneno yaleyale, yote, bila kukwepa hata moja. Nilikuwa nimepanga kununa mpaka mchana. Nilishindwa, nikampa penseli mpya.

Fomu sikuikwepa, ingawa Profesa alikuwa ameshaisogeza pembeni. Niliijaza mwenyewe. Pale penye maelezo ya kosa niliandika: "Vichupa havikuchanganywa. Fundi aliandika jinsia ya kuku kwa kusikiliza badala ya kuuliza." Profesa alisoma mara mbili, akasaini, akaitia kwenye droo. Stoo hakuitaja tena.

Ijumaa Mtarajiwa alisimama. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na swichi ya taa, ndiyo nafasi ya fundi. Mtahini mmoja, mzee mwenye tai iliyopinda, alimshikilia hapohapo tulipopaogopa. Atajuaje kwamba alama yake inafuata kromosomu, na si kitu kingine chochote kinachoambatana na kuwa jike? Mtarajiwa akamwonyesha kumi na saba. Mwili wa jogoo, sauti ya jogoo, mistari miwili. Ukumbi ukacheka, na yule mzee akaandika kitu akakipigia mstari chini. Baada ya hapo hakumwuliza tena la maana. Amekuwa daktari tangu siku hiyo. Mimi bado namwita Mtarajiwa, ulimi umezoea.

Jumamosi nilirudisha picha. Nilikwenda peke yangu, nikakaa kwenye kiti changu ukutani.

"Wamesema nini?" aliuliza mama mkwe.

"Wamesema ni jike, mama. Na kwamba katika kuku wote arobaini, aliyewafaa zaidi ni yeye."

Alicheka kwa furaha, akairudisha picha kati ya vyeti, kisha akakumbuka jambo na kunitazama juu ya miwani. "Mimi nimetangaza mvulana na msichana miaka thelathini na miwili, wengine taa imezimika. Sijawahi kukosea. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuwa natazama kwanza. Hata siku moja sikuandika kwa sababu mtoto ana sauti nzito."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nikanywa chai.

Nje, Mwenyekiti akawika. Ilikuwa alasiri, hapakuwa na sababu yoyote ya kuwika. Mama mkwe akaacha sentensi katikati, akashika mikono ya kiti, akajiinua na magoti yake yote mawili mabovu.

"Haya, haya, naitwa," alisema, akachukua kopo la mtama dirishani.

Nikawahi kumfungulia mlango. Mwenyekiti alikuwa juu ya ndoo yake, kifua mbele, kidole kimepinda, akimsubiri. Nilisimama pale mlangoni nikawaangalia wote wawili kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia sampuli yoyote.

"Kumi na saba," nikasema taratibu, "nimekuona."